Hakuna Aliyemtaja Mtoto

Dada yangu alianza kunywa baada ya kujifungua mtoto ambaye alikuwa ameshafariki tumboni. Alirudi nyumbani kwake, mtaa wa Sakina, mikono mitupu, na maziwa yakaendelea kumtoka. Mumewe alirudi gereji mara tu baada ya mazishi. Mimi nikahamia kwao, nimpikie mtori na kumfulia.

Usingizi ulimkataa kabisa. Jirani akamwambia gongo kidogo inalaza, na kweli ikamlaza. Baadaye ikawa hawezi hata kushika kikombe cha chai asubuhi bila kuitanguliza, mikono inatetemeka.

Pale kwetu wanaume hushinda kilabuni tangu asubuhi na hakuna anayegeuka kuwatazama. Dada alianguka mara moja tu karibu na duka la mangi, na mtaa mzima ukajua kabla sijamfikisha nyumbani.

Wanawake wa jumuiya wakaja kumwombea. Aliyeongoza ni mke wa mzee wa kanisa, mama wa makamo, sauti yake inafika barabarani. Alikemea roho ya ulevi mpaka akakauka koo. Walipoondoka, dada akaniambia, "Hakuna hata mmoja aliyemtaja mtoto."

Nikampeleka hospitali, kliniki ya afya ya akili. Daktari, mwanamke mpole, alimuuliza kwanza, "Mtoto mlimpa jina?" Dada akalia kilio ambacho hakukilia msibani. Wakamlaza wodini, maana daktari alisema mwili ukishazoea pombe hivyo, kuacha ghafla nyumbani ni hatari. Aliporuhusiwa tukawa tunarudi kliniki kwa dawa na mazungumzo.

Siku moja mchana yule mama wa maombi akaja peke yake.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Dada yako yupo?"

Alikaa kwenye kochi bila kuegemea. Akauliza habari za mvua, za mahindi. Mwishowe akamgeukia dada. "Hiyo kliniki mnayokwenda, wanatangaza mambo ya mtu?"

"Hapana, mama. Kuna mtu unataka kumpeleka?"

Akakunja ncha ya khanga yake, akaikunjua. "Ni mimi. Tangu watoto waondoke, nyumba imekuwa kubwa. Naweka kwenye chupa ya maji, mzee hajui."

Nilidhani dada atamrudishia maneno ya siku ile. Alinyanyuka tu, akabandika chai. "Tutakwenda wote," akasema.

Wakaanza kwenda wote. Mama huyo huwaambia watu anakwenda kupima presha. Dada ameteleza tena tangu hapo, zaidi ya mara moja, na kila mara tumeanza upya: kumwogesha, kumbembeleza ale, kumjibu mumewe anayeuliza hili litaisha lini. Bado ninanusa vikombe kabla ya kuviosha. Sijui kama nitaacha.

Juzi niliwasindikiza. Wao walipomaliza, nikawa nakusanya mikoba yao, daktari akaniita.

"Na wewe unaendeleaje?"

Nilifungua mdomo niseme sijambo, kama ninavyomwambia kila mtu. Nikamwambia nimechoka.

Akavuta kiti, akaniambia nikae.