Fundi Aliyegoma Kumpima Mtu wa Desemba

Wasomaji wangu, Alhamisi iliyopita tulimzika fundi cherehani wetu wa mtaa wa Cheyo, mzee aliyepima viuno vya nusu ya mji huu wa Tabora na hakuwahi kumtajia mtu kiuno cha mwenzake. Aliugua siku chache tu, akaondoka kimyakimya kama alivyoishi. Sitaandika jina lake, na sidhani kama angejali, kwa kuwa kila mtu alimwita Fundi, wajukuu zake wakiwemo. Nimehuzunika, nasema wazi. Lakini kila nikimkumbuka huanza kwa kucheka, na leo niruhusuni nicheke kidogo mbele yenu.

Miaka mitatu iliyopita daktari aliniambia nipunguze uzito. Presha ilikuwa juu, magoti yalilalamika kila nilipoinuka, na binti yangu alikuwa anaolewa Desemba kule Urambo. Nikapania kweli. Nilinunua kitambaa cha suti, nikaenda nacho barazani kwa Fundi, nikamwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba huku tayari ananinyoosha mikono. Nikamwambia apunguze inchi nne kiunoni, kwa sababu suti hii haikuwa ya mimi wa leo, ilikuwa ya mimi wa Desemba. Akaitundika tepu yake shingoni.

“Huyo wa Desemba mlete nimpime, Mwalimu,” akasema. “Mimi nampima aliyesimama hapa.”

Tulibishana mpaka chai yake ikapoa. Mwishowe akakubali kukihifadhi kitambaa bila kukikata, kwa sharti kwamba nipite kwake kila Jumamosi mchana anipime upya. Nikaondoka nimenuna, nikaanza vita. Asubuhi chai ya rangi bila kitu, mchana tango na ndimu, jioni supu ya kabichi, kama nilivyoelekezwa na mtu mmoja kwenye kundi la WhatsApp ambaye hakuna kati yetu aliyewahi kumwona. Mke wangu akipika ugali na nsansa, yale majani makavu ya kunde yanayoungwa kwa karanga, nilihamia uani ili harufu isinifikie. Nilikuwa mkali kupita kiasi. Niligombana na jirani kwa sababu ya kuku, na kuku mwenyewe hakuwa wake. Mji nao ukaanza kunong'ona, maana hapa kwetu mtu akinenepa anaambiwa amependeza, akipungua anaulizwa anaumwa nini, na wengine hata hawaulizi, wanajijibu wenyewe.

Jumamosi ya nne Fundi alinipima, akarudia, kisha akavua miwani.

“Mabega yamepungua,” akasema. “Shingo imepungua. Mapaja yamepungua. Tumbo halina habari.”

Nilitaka kumjibu, lakini niliposhuka kwenye ngazi ya baraza miguu ikaniishia nguvu na macho yakaingia giza. Nilijikuta nimekaa juu ya furushi la sare za kwaya. Niliogopa sana siku ile, sikuwahi kumwambia hata mke wangu kiasi gani. Fundi hakupiga kelele. Alifungua hotipoti yake ya mchana, akanisogezea.

“Kula.”

“Fundi, niko kwenye dayati.”

“Binti yako anataka baba wa kumpeleka kanisani. Ukianguka pale mlangoni, suti itakusaidia nini?”

Akanipakulia mwenyewe: ugali kiasi cha ngumi, maharage, kipande cha samaki, mchicha ukajaa nusu ya sahani, na chungwa pembeni. Nilipokuwa natafuna, aliniambia kwamba nguo inapunguzwa pale inapozidi. Ukiipunguza kila mahali hupati nguo ndogo, unapata kitambaa cha kufutia meza. Basi tukatafuta panapozidi, na hapakuwa mbali: vijiko vinne vya sukari kila kikombe, maandazi ya saa nne, mboga za kuogelea kwenye mafuta, na ule mlima wa pili wa ugali niliokuwa nikiupanda kwa mazoea. Hivyo ndivyo tulivyokata. Milo mitatu ikabaki, na daktari nilipomweleza akasema ndivyo alivyotaka tangu mwanzo, ila mimi sikumsubiri amalize sentensi. Desemba nilikuwa nimepungua inchi mbili, si nne. Fundi akakata kitambaa wiki mbili kabla ya harusi, nami nikamsindikiza binti yangu kwa miguu yangu na kucheza mpaka bendi ikaomba maji.

Nimewaza mengi tangu hapo. Mababu wa mji huu walikuwa wapagazi, walitembea hadi pwani na kurudi na mizigo begani, na sahani yao ilikuwa kubwa kwa sababu njia ilikuwa ndefu. Sisi tumerithi sahani, mzigo tumeuacha. Mtu wa Cheyo leo anapanda bodaboda kwenda sokoni, anarudi anakula kama aliyetoka pwani kwa miguu. Akishtuka, anaruka upande wa pili, anajifungia na tango. Hapo katikati, penye chakula cha kutosha na cha kila aina, hatukai, labda kwa sababu hapana mbwembwe wala picha ya kuwarushia watu kwenye simu.

Alhamisi niliamka nikanywa uji wa ulezi, nikala yai na matobolwa, viazi vitamu vile vya kuchemsha na kukausha, kisha nikaenda makaburini kuchimba kaburi la Fundi. Majirani, Waislamu na Wakristo, tulipokezana majembe. Ardhi ya kiangazi ni ngumu, nayo inadai nguvu. Mwanawe mkubwa aliniangalia, akaniambia, “Mzee, pumzika, tutamalizia.” Nikamwambia hapana, zamu yangu bado. Nikaimaliza yote nimesimama wima.

Kwa hiyo punguzeni uzito, wasomaji wangu, daktari akisema mpunguze. Lakini kuleni. Ipo siku mtu unayempenda atakuhitaji usimame, na siku hiyo hakuna atakayeuliza kiuno chako ni inchi ngapi.