Célestine na Kuku Wake Thelathini

Mwaka wa 1962, miaka miwili baada ya uhuru wa Kongo, Célestine wa Kavimvira, mtaa wa mji wa Uvira, alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa na kuku sita tu. Alitaka thelathini, ili awauzie mayai wafanyakazi wa bandari ya Kalundu. Akaenda kuomba mkopo kwenye biro ya koperative, ushirika uliokopesha wafugaji.

"Parsele yako, kiwanja cha kuweka rehani, iko wapi?" karani Cyprien akamuuliza.

"Siko nayo."

"Na bwana yako? Yeye ndiye wa kutia sahihi."

"Minye siko na bwana. Niko na kuku."

Cyprien alicheka, akamrudisha nyumbani.

Habari ilimfikia Mzee Gakunzi, mfugaji wa Rurambo, huko milimani, ambaye kila akishuka sokoni alilala kwa mama yake Célestine. Juma lililofuata aliteremka na ng'ombe jike, akamfunga mlangoni pa biro.

"Binti yangu akishindwa kulipa, huyu ni wenu," alisema. "Andika."

Fomu haikuwa na nafasi ya ng'ombe. Cyprien akamwandika pembeni, rangi, pembe na yote. Célestine akapewa mkopo, akanunua kuku katika mji wa Kamanyola, na kabla ya Pasaka mayai yake yalikuwa yanagombaniwa bandarini.

Mwaka wa 1964 vita vya waasi viliingia Uvira. Watu wakakimbilia milimani. Célestine na mama yake waliwabeba kuku kwa matenga, siku mbili za kupanda, hadi kwa Gakunzi. Walipofungua matenga walikuta mayai kumi na moja. Yakapikiwa watoto wa wakimbizi, na Célestine, aliyekuwa akilia tangu Uvira, akacheka. Alikaa huko miezi mingi, akiuza mayai mpaka Lemera.

Aliporudi mjini, biro haikuwa na mlango wala madirisha. Cyprien alikuwa ndani, kwenye meza ya kuazima. Célestine akaweka pesa mbele yake.

"Karatasi zote ziliungua," Cyprien akasema. "Hakuna anayejua kama uko na deni."

"Minye najua. Pokea, kisha uniandikie mkopo mwingine. Wa kuku mia."

Cyprien alimtazama, akafungua daftari jipya na kuandika.

Célestine aliwachukua Georgette na Charlotte, majirani waliokuwa wakitamani kufuga lakini hakuna aliyewakopesha, ili wagawane kuku hao. Walipokwisha kuwanunua Kamanyola, walirudi juu ya lori, katikati ya matenga. Mvua iliwanyeshea njia nzima, nao waliimba mpaka Uvira.