Sabato Iliwakuta Njiani

Kabla ya jina lake, kabla hata ya mtoto aliyekuwa mgongoni, walichokiona watu kwanza kwa Nyatichi ni viatu. Aliingia katika wodi ya watoto ya hospitali ndogo ya misheni mjini Homa Bay asubuhi ya Sabato, Agosti 1994, amevaa gauni jeupe la kanisani na viatu vyeusi vya mwanamume. Vilikuwa vikubwa, havina kamba, vikimpwaya kila alipokanyaga. Mama mmoja aliyekuwa akimnyonyesha mwanawe akaanza kucheka. Kisha Nyatichi akafungua leso, akamteremsha mtoto, na yule mama akameza kicheko chake.

Nyatichi alizaliwa katika milima ya Kisii, akaishia darasa la saba, akaolewa Migori na Cephas Osoro, mtu wa kwao aliyekuwa akisafirisha ndizi kwa gari kuukuu aina ya Datsun. Yeye mwenyewe aliuza mboga sokoni. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na mzaha mwingi, na wateja walimpenda kwa hilo. Mtoto wao wa kwanza, msichana, alikufa kwa malaria kabla hajaota meno. Alipozaliwa Mayaka, mvulana, Nyatichi alijizoeza jambo moja: kila asubuhi alimfungua viganja akavitazama rangi. Maadamu vilikuwa vyekundu, alikwenda sokoni na moyo mweupe.

Siku moja kabla, Ijumaa, walikuwa wakienda makambi. Kwa Waadventista wa pande zile, makambi ya Agosti ni sikukuu na safari kwa pamoja: watu hubeba mahema, sufuria na watoto, wakalala uwanjani juma zima wakisikiliza neno. Mwaka huo Cephas alialikwa kuongoza kwaya katika makambi ya Homa Bay, na siku ya Sabato Mayaka angewekwa wakfu mbele ya mkutano. Walipakia turubai, magodoro, unga, mkungu wa ndizi, na mwishowe mbwa.

"Baba Mayaka, mbwa naye anakwenda kubatizwa?" Nyatichi aliuliza.

"Anakwenda kulinda sufuria zako. Mwaka jana mwizi alikula maharagwe yako akabeba na mfuniko."

Mbwa huyo aliitwa Karani, kwa sababu alikuwa akikaa langoni na kumkagua kila mpita njia kama anayetaka kuona kitambulisho. Alirukia nyuma ya gari, akalala juu ya turubai, na safari ikaanza kwa nyimbo.

Walipofika karibu na Ndhiwa, Mayaka alikuwa ameanza kuchemka. Nyatichi alimpa klorokwini, dawa ya malaria ya maji aliyokuwa nayo mkobani; mtoto akaitapika. Akampa tena kidogo. Walipoliacha soko la Ndhiwa nyuma, gurudumu la mbele likapasuka, na gurudumu la akiba nalo lilikuwa limelala. Cephas alilitoa, akalivingirisha hadi sokoni kuzibwa, akarudi nalo limejaa upepo na shati lake limejaa vumbi. Alipokaza nati ya mwisho, alisimama akatazama magharibi.

Jua lilikuwa limegusa vilima, na kwa Waadventista Sabato huanza Ijumaa jua linapozama; kazi na safari hukoma.

"Tutalala hapa," alisema. "Sabato inaingia."

Nyatichi alidhani hakusikia vizuri. "Homa Bay si mbali. Mtoto anaungua."

"Anaota meno huyo. Na dawa umempa."

"Ameitapika."

"Nyingine imebaki tumboni." Cephas alishaanza kufungua kamba za turubai. "Mama Mayaka, unajua yaliyonipata. Unataka niingie makambini gizani nikiendesha gari, mkutano mzima umesimama unaimba kuikaribisha Sabato? Kesho niisimamie kwaya kwa uso gani?"

Nyatichi alijua yaliyompata mumewe. Mwaka mmoja nyuma, Cephas alichelewa kwenye matope na mzigo wa ndizi, akaingia Migori Sabato asubuhi, akapita mbele ya kanisa watu wakiwa wamekaa nje kwa masomo. Kanisa lilimsimamisha ushemasi kwa kufanya kazi siku ya Sabato. Kwa miezi mingi alikaa kiti cha nyuma, na rafiki zake walipomsalimia walimsalimia kwa upole unaoumiza kuliko matusi. Alikuwa amerudishwa juzi tu. Mwaliko wa Homa Bay ndio uliomwinua kichwa.

"Hata mzee wa kanisa angeendesha, mtoto akiwa hivi," Nyatichi alisema.

"Mzee wa kanisa hajawahi kusimamishwa."

Basi wakapiga hema kando ya barabara. Cephas aliomba kwa muda mrefu, akimwekea mtoto mkono kichwani, na sauti yake ilitetemeka kwa kweli, hakuwa akiigiza. Mayaka akatulia, akanyonya kidogo, ngozi yake ikapoa. Nyatichi naye akataka kuamini. Akalala amemkumbatia, na Karani akalala mlangoni pa hema.

Kulipopambazuka aliamshwa na mguu mdogo uliokuwa ukimpiga ubavuni, ukipiga na kupiga. Macho ya Mayaka yalikuwa yamegeuka juu. Mwili ulikakamaa, ukatikisika, kisha ukalegea kama kitambaa kilicholoweshwa. Nyatichi alimfungua kiganja.

Kilikuwa cheupe kama karatasi.

Alijitupia gauni la kanisani alilokuwa ameliandaa. Alimfunga mgongoni kwa leso, akatoka hemani, akaingiza miguu katika viatu vya kwanza alivyovikuta mlangoni. Vilikuwa vya mumewe. Cephas alipotoka alimkuta keshaanza kwenda.

"Unakwenda wapi?"

"Washa gari."

Cephas alisimama kando ya Datsun miguu mitupu, ufunguo mkononi. Alimtazama mtoto, akatazama barabara, ambako familia moja iliyovaa nguo safi ilikuwa ikipita na vitabu vya nyimbo kwapani. Wakamsalimia, "Sabato njema." Akaitikia, na mkono wenye ufunguo ukarudi mfukoni.

"Ngoja tuombe kwanza," alisema. "Dakika moja tu, Mama Mayaka, tuombe kisha..."

"Ulishaomba jana."

Akaenda. Mumewe hakumfuata, au kama alimfuata, hakugeuka kumwona. Aliyemfuata ni Karani. Barabara ilikuwa tupu isipokuwa ng'ombe. Gari la kwanza lilipita likimrushia changarawe. La pili lilikuja kwa kasi ile ile, na Nyatichi akapunga mikono yote miwili hata leso ikataka kufunguka. Lingepita nalo, ila Karani alijiweka katikati ya barabara, akakaza miguu, akabweka. Breki zikalia.

"Mama!" kijana aliyekuwa kwenye usukani alichungulia dirishani. "Toa hiyo mbwa yako, nitaikanyaga! Unataka iniharibie gari?"

"Nipeleke hospitali."

Kijana huyo, Yassir, alikuwa na duka Ndhiwa na alikuwa akienda Homa Bay kununua bidhaa. Aliona kichwa cha mtoto kinavyoning'inia, na ule ukali ukamtoka usoni.

"Ingia, mama. Ingia haraka. Uko peke yako? Mzee wa mtoto yuko wapi?"

"Yuko nyuma na gari."

"Yuko na gari?" Yassir alishangaa. "Sasa gari imekufa?"

"Ni nzima. Leo ni Sabato."

"Mimi ni Mwislamu, mama," Yassir alisema akiingiza gia, "sijui sheria zenu. Lakini huyu mtoto nitamfikisha." Karani alikimbia nyuma yao mpaka kwenye kona, kisha akasimama, akatazama huku na kule, na vumbi likamfunika.

Ndivyo Nyatichi alivyofika wodini.

Muuguzi aliyempokea aliitwa Filister, mwanamke mnene wa Karachuonyo, mwenye sauti kubwa na mikono myepesi. Alimchoma Mayaka sindano ya kwinini, akatafuta mshipa hadi akaupata kichwani, kisha akatoa tone la damu kidoleni mwa mtoto na jingine kidoleni mwa mama, akayapeleka maabara. Aliporudi hakuwa na sauti kubwa tena.

"Nyar Kisii, kaa nikwambie," alisema, akimwita kwa Kijaluo binti wa Kisii. "Malaria imemla damu yote. Dawa peke yake haitatosha. Lazima aongezwe damu, tena leo."

"Toa yangu."

"Yako haioani na yake. Na wewe mwenyewe, nimekutazama macho, huna ya kugawa. Unanyonyesha."

Yassir, ambaye alikuwa bado amesimama mlangoni hajui kama aondoke, alikunja mkono wa shati. "Pima yangu, sista."

Walipima. Haikuoana. Wakapima ya mfagiaji, na ya baba mmoja aliyekuja kumwona mwanawe; nazo hazikuoana. Wengine walipoombwa walitazama sakafu. Miaka hiyo watu waliogopa kupimwa damu, wasije wakaambiwa jambo ambalo hawakuliuliza.

"Friji yetu ni tupu," Filister alisema. "Na aina yake si wengi walio nayo. Tumetuma mtu makambini aombe watu waje, lakini nikwambie ukweli, mwenye uwezekano mkubwa ni baba yake. Yuko wapi baba yake?"

Nyatichi aligeukia nje. Dirisha lilikuwa wazi, na kutoka mbali upepo ulileta kipaza sauti cha makambi. Kwaya ilikuwa ikiimba, na sauti ya nne, ile ya besi, ilikuwa na pengo pale ambapo Cephas angekuwa.

"Yuko njiani," alisema, asijue kama anasema uongo.

"Anakuja na nini? Jua likizama itakuwa..." Filister alimtazama mtoto, akaacha maneno hapo. "Asingoje jioni, nyar Kisii. Jioni ni mbali."

Nyatichi alimgeukia Yassir. Alikuwa hana la kumpa kijana huyo, na alikwisha kumwomba mengi.

"Unarudi Ndhiwa saa ngapi?"

"Nilikuwa nirudi jioni." Yassir alishachomoa ufunguo mfukoni. "Sukari itangoja. Nikimpata nimwambie nini, mama? Mimi si mtu wa kanisa lenu. Akinikatalia?"

Nyatichi alifikiri. Alikuwa na maneno mengi kwa Cephas, ya jana na ya asubuhi hiyo, na mengine ya zamani, ya msichana waliyemzika. Aliyaweka kando yote.

"Usibishane naye. Mwambie hivi: mtoto bado anapumua, na damu yake imebaki ndani yako. Halafu mwambie akija asipitie njia ya nyuma kwa aibu. Apite papo hapo mbele ya makambi, ndiyo fupi."

"Na asipokuwa pale ulipomwacha?"

"Basi tazama kila mtu anayetembea barabarani."

Yassir akatoka mbio. Gari lake likasikika likishuka mteremko, likapiga honi kwa mbuzi, likapotea.

Filister alitandika shuka safi kwenye kitanda kidogo kando ya maabara, kitanda cha kutolea damu, akaweka juu yake mpira wa kufungia mkono na mfuko mtupu. Kisha akarudi kumhesabia Mayaka pumzi, mkono wake juu ya kifua chembamba kilichopanda na kushuka kwa haraka mno. Nyatichi alisimama dirishani mahali ambapo angeweza kuona vyote viwili, mtoto na lango. Lori la samaki lilipita. Pikipiki ikapita. Kule makambini wimbo uliisha na mhubiri akaanza kusoma.

Gari jingine likapunguza mwendo karibu na lango. Nyatichi akashika chuma cha dirisha, akangoja lijitokeze nyuma ya ukuta, aone kama Cephas yumo.