Nusura nimpelekee mjomba ngozi ya ng'ombe wake, kisa kakati

Wakuu, wakubwa shikamooni, wa rika langu hamjambo. Haya yamenikuta mwenyewe huku Igunga, na chumvi sitii hata chembe.

Nafuga ng'ombe mmoja wa maziwa, ila si wangu. Ni wa mjomba wangu anayekaa Ipuli, Tabora mjini. Alinikabidhi nimtunze, maziwa tunywe mimi na wanangu.

Huku kwetu kukabidhiwa ng'ombe si mchezo. Akifa, unambebea mwenye ng'ombe ngozi, unaketi mbele yake, unaeleza amekufaje. Na mjomba wangu huyo akikutazama tu unasahau jina lako.

Kiangazi kilipokaza, nyasi zikaisha. Nikakumbuka kakati langu, lile dungusi lisilo na miiba. Kulipanda ni rahisi: unakata pande, unaliacha kivulini mpaka kidonda kikauke, ndipo unalisimika. (Mara ya kwanza nilipanda mabichi kama mhogo, yakaoza yote. Mke wangu alinicheka wiki nzima.)

Basi nikamkatia ng'ombe karai zima. Akala kwa pupa, nikamwongeza. Siku nzima hakula kingine.

Asubuhi nakuta kalala, anaharisha maji ya kijani, hacheui.

Jirani yetu Mama Shija, bibi mtu mzima, akachungulia zizini. "Ng'wanawane, mwanangu wee, mnyama wa watu umemlisha mnyaa!"

Mnyaa ni ule wa uzio, wenye utomvu mweupe unaopofusha. Najua kakati si mnyaa. Lakini woga hauna akili. Je, kama mbegu niliyopewa haikuwa yenyewe?

Nikakata pande, likatoa maji tu, utomvu mweupe hakuna. Bado sikuamini. Nikalitafuna mbele ya Mama Shija na mke wangu, linateleza kama bamia, kisha nikakaa chini kusubiri nani atatangulia, mimi au ng'ombe.

Mke wangu alichukua kisu cha kuchunia, akaanza kukinoa. Hapo ndipo nilipoogopa kuliko yote.

Nikampigia bwana mifugo.

"Ulimchanganyia na nini?"

"Hilo hilo tu."

"Sasa hapo hujamlisha, umemnywesha! Kakati ni maji matupu. Mpe mabua makavu, hilo liwe nyongeza."

Tukamwekea mabua ya mahindi. Sikutoka zizini. Alasiri ya siku ya pili taya likasogea. Anacheua! Nililia, na sioni aibu kusema.

Jioni ile ile simu ikaita. Mjomba.

"Ng'ombe wangu hajambo?"

"Hajambo, mjomba."

"Na wewe? Mbona sauti inatetemeka?"

Nikamwambia ni mtandao.

Funzo langu: kakati pandeni, linaokoa kiangazi, lakini msimpe mnyama hilo peke yake, na anzeni kidogo kidogo. Mimi mpaka leo sinawi uso kabla sijaenda kutazama kama taya linasogea.

Wenye uzoefu, nyie mnachanganya na nini? Na kama humu yupo aliyewahi kumbebea mwenye ng'ombe ngozi, naomba aniambie alianzaje kusema.