Mama Pete hatoi tena ushuhuda wa mwanawe

Alfajiri, wauguzi wa zamu ya usiku wakiwa bado hawajamaliza kukabidhiana, mwanamke mmoja anaongea na mashuka.

Si mzaha. Amesimama katikati ya chumba cha kufulia cha hospitali, glavu za mpira zimempanda hadi kwenye viwiko, anachambua rundo lililoshushwa kutoka wodini. "Wewe huku. Na wewe, mh, wewe utalowekwa kwanza, usinitazame hivyo." Lenye damu linaingia kwenye pipa la maji baridi. Lenye jasho tu linakwenda kwenye mashine. Foronya anazikung'uta moja moja kwa sababu wagonjwa huficha vitu humo: kijiko, hereni, karatasi iliyokunjwa, na siku moja jino.

"Nisipoongea nitalala nimesimama," anasema. "Na nyumbani hakuna wa kuongea naye, kwa hiyo hamu yote naimalizia hapa."

Anacheka peke yake, halafu anainama tena kwenye rundo.

Hospitalini wanamwita dobi. Mtaani na kanisani, kuanzia mchungaji hadi watoto wa chekechea, wanamwita Mama Pete, maana ni miaka mingi sasa anawafundisha mabinti wa kanisa lake mpira wa pete kwenye uwanja wa kokoto nyuma ya gereji. Ni mjane. Mshahara wake, anasema, unamtosha mtu mmoja, "na huo ndio ubaya wake." Ana mtoto mmoja tu, binti, ambaye anaishi mji mwingine. Wanapigiana simu mara chache kwa mwaka, na mazungumzo yao Mama Pete anaweza kuyasema yote kwa pumzi moja.

"Shikamoo mama. Marahaba, hujambo? Sijambo. Kazi? Nzuri. Haya mama. Haya mwanangu." Anavuta shuka jingine. "Ndiyo hayo. Mwaka wa sita huu."

Mwandishi wa simulizi hii alimfuata kwa jambo jingine kabisa. Timu ya Mama Pete ilikuwa imeingia fainali ya kombe la vijana wa makanisa, na gazeti lilitaka habari tamu ya Jumapili: imani, michezo na malezi ya nyumbani. Mchungaji wake ndiye aliyeelekeza. "Nenda kwa Mama Pete," alisema. "Yule anakutolea somo la kiroho kwenye kamba ya kiatu."

Na kweli. Siku ya mazoezi, jua likiwa bado kali, yuko pembeni ya uwanja na filimbi shingoni, sauti inafika hadi kwa mafundi wa gereji. Binti mmoja ameupokea mpira na kuukumbatia, hajui ampe nani. Katika mchezo huu ukishika mpira unasimama, huruhusiwi kutembea nao, na una sekunde tatu tu za kuutoa.

"Dada! Umeolewa na huo mpira?"

Wenzake wanaangua kicheko. Binti anautupa hovyo, unatoka nje.

Dakika chache baadaye mwingine anatolewa, anakwenda kukaa kwenye benchi na kuanza kulia kwa kwikwi. Mama Pete anamsogelea, anakaa naye, magoti yakimlia. "Nimekuweka benchi, sijakufukuza timu," anamwambia. "Na Mungu naye mara nyingi ni hivyo hivyo. Haya, futa kamasi, utarudi sasa hivi."

Binti anafuta kamasi. Anarudi uwanjani, na kazi inaendelea.

Mwandishi alipomwambia kwamba maneno yale yangefaa kusemwa kanisani, mama alikunja uso. "Kanisani sisemi tena," akajibu. "Siku hizi nasoma mstari, nakaa."

Hapo ndipo habari tamu ya Jumapili ilipoharibika, na hii nyingine ikaanza.

Kanisani kwao, kila Jumapili kabla ya mahubiri, mlezi wa vijana hupewa dakika chache za kutoa ushuhuda. Kwa miaka mingi dakika zile zilikuwa za Mama Pete, na wapo waliokuwa wakiwahi ibada kwa ajili yake tu. Alichota mifano sehemu mbili: uwanjani na nyumbani kwake. Uwanjani walikuwepo mabinti wengi. Nyumbani alikuwepo mmoja.

Binti huyo akiwa darasa la pili aliunguza uji, akaogopa, akaficha sufuria uvunguni mwa kitanda. Jumapili Mama Pete akalisimulia kanisa zima jinsi harufu ilivyomuumbua mwanawe, na kwamba dhambi nayo ndivyo ilivyo: unaisukuma uvunguni, inanuka hadi sebuleni. Watu walicheka mpaka wazee wa mstari wa mbele wakavua miwani na kuipangusa. Mtoto naye alicheka. Kuanzia siku ile wenzake wakamwita Sufuria.

"Jina nilimpa mimi, ati," anasema mama yake. "Kwa kipaza sauti."

Ikawa desturi. Binti akidanganya, ushuhuda. Akifeli hesabu kisha akafaulu, ushuhuda. Alipogombana na rafiki yake wakapatana, kanisa lilijua kabla mama wa rafiki hajajua. Alipoanza kuwa msichana mkubwa, kila alipotaka kusimulia jambo alitanguliza maneno yale yale: "Mama, hili usilipeleke kanisani."

"Mimi namjibu, 'Mwanangu, ushuhuda ni wa Bwana, si wako wala wangu.' Nilikuwa na jibu la kila kitu, mimi. Mungu anisamehe." Anasugua paji la uso kwa mgongo wa mkono. "Hivyo akaanza kuninyamazia. Nikadhani amekua."

Binti alikuwa mfungaji tegemeo wa timu ya mama yake. Katika nusu fainali moja mikono ilimsaliti. Kila mpira aliourusha uligonga pete na kutoka, na timu ikatolewa. Jioni ile, wawili hao wakimenya viazi jikoni, kisu kikamponyoka, akaanza kulia, na baada ya kimya kirefu cha miezi akamweleza mama yake kilichokuwa kinamsumbua.

Ni jambo gani, halitaandikwa hapa. Mwenyewe ameomba hivyo, na gazeti limekubali. Inatosha kusema kwamba halikuwa kosa lake, na kwamba lilikuwa jambo ambalo msichana humwambia mtu mmoja tu duniani.

Kesho yake ilikuwa Jumapili.

"Sikwenda kumwaibisha," anasema Mama Pete. "Nataka uelewe. Nilikwenda kumtukuza Mungu. Nililala nikiomba, nikaamka nimejaa. Nikasema, kanisa lazima lijue Bwana amemvusha mwanangu wapi. Nikasimama, nikasema yote."

Kanisa lililia. Akina mama walinyoosha mikono juu. Amina zilikuwa nyingi, na Mama Pete anakumbuka kwamba katikati ya amina zile alimwona binti yake akiinuka kwenye benchi la kwaya, akapita mlango wa pembeni, kilemba cha kwaya kikiwa bado kichwani. Hakupiga kelele. Hakubamiza mlango. Juma lile lile alifunga begi na kwenda kwa mama yake mdogo, mji mwingine, na huko ndiko alikomalizia masomo na kupata kazi. Leo anafundisha shule ya watoto wadogo.

"Unajua kinachonichoma?" anauliza mama yake. Tupo chumba cha kufulia, mvuke umefunika madirisha. "Nilipoajiriwa hapa, siku ya kwanza, bosi wetu alinionya: utakachokiona kwenye shuka kinaishia kwenye shuka. Nikashika. Watu wakubwa wa mji huu, sijui waheshimiwa, wote nimewafulia. Nimeona mtu aliyejikojolea, nimeona waliolia usiku kucha. Nikikutana nao sokoni ni salamu tu, habari za nyumbani. Mashuka ya watu nimeyatunzia siri, ya mwanangu nikayaanika."

Aliomba msamaha? Ameomba, kwa simu, kupitia kwa mdogo wake, hata kwa mchungaji. Kila mara jibu lilikuwa la adabu: nimekusamehe mama, usijali. Na kila mara simu iliyofuata ilikuwa ile ile ya shikamoo, marahaba, haya. Amesamehewa, anasema, ila haambiwi kitu. Hajui mwanawe anapenda nini sasa, anacheka na nani, kama kuna mtu moyoni mwake. Hilo ndilo analolitaka kuliko kombe lolote: aambiwe jambo, hata dogo, hata la viatu vinavyobana.

"Zamani nilidhani Mungu hasikii mpaka niseme kwa spika," anasema. "Kumbe jioni ile alikuwepo pale jikoni, kwenye maganda ya viazi. Alishasikia. Hakuna aliyenituma nikamsimulie tena."

Nyumbani kwake ni chumba na sebule. Kitanda cha binti kimetandikwa, na shuka hubadilishwa lisije likanuka vumbi, ingawa hakuna anayelilalia. Redio haizimwi. "Nikiizima naisikia friji inavyonguruma, na friji haina habari." Sahani zake huosha moja, sufuria moja, kijiko kimoja, halafu husimama pale kwenye sinki akitafuta kingine cha kuosha. "Nina upweke, mwandishi. Andika hivyo hivyo, usinipambe."

Kisha akatoa sharti. Yake yote yaandikwe. Ya binti, hata nusu sentensi, yasiandikwe mpaka binti mwenyewe aombwe ruhusa. Akataja namba ya simu taratibu, kwa kichwa, akaitaja tena.

Kwa nini asimpigie mwenyewe?

"Mimi nikimwomba atasema ndiyo kwa heshima. Wewe ni mtu baki, akitaka kukataa atakukatalia vizuri. Nataka aweze kukataa."

Binti alipokea simu wakati wa mapumziko, nyuma yake watoto wakipiga kelele. Alisikiliza kwa upole wa mtu aliyejiandaa kukataa. Mwandishi alipomaliza, akauliza, "Nani kakuambia uniombe ruhusa?"

"Mama yako."

"Mama yangu?"

"Ndiyo. Amesema ukikataa, haiandikwi."

"Samahani, rudia."

Mwandishi akarudia. Zikasikika hatua zake zikienda mbali na kelele za watoto.

"Andika," akasema mwishowe. "Lile jambo lenyewe usiliandike. Na mwambie... Hapana, usimwambie kitu. Nitampigia."

Habari kwamba binti ameruhusu ilimkuta Mama Pete uwanjani, siku ya mwisho ya mazoezi. Aliipokea, akakaa juu ya kapu la mipira, akasahau mabinti waliokuwa wakisubiri filimbi. Mmoja akauliza, "Kocha, tuanze?" Akajibu, "Anzeni tu, mnajua kuanza," na akabaki amekaa.

Fainali ilichezwa Jumamosi. Timu yake ilifungwa kwa goli moja. Mama Pete alimfokea mwamuzi, akamwomba radhi mwamuzi, akawanunulia mabinti soda, akaenda zake nyumbani.

Jumapili mchungaji aliwaita mbele washindi wa pili. Watu walipiga makofi, halafu akamnyooshea Mama Pete kipaza sauti. Kanisa lote linajua habari yake na binti yake. Kikundi cha akina mama kimewaombea kwa majina kwa miaka. Wengine walikuwa wameshaona usoni mwake kwamba kuna kitu. Mama mmoja wa safu ya tatu alishatoa leso.

"Bwana asifiwe," akasema Mama Pete.

"Amina!"

"Bwana asifiwe sana."

"Amina!"

Akafungua mdomo. Mkono wenye kipaza sauti ulipanda, ukashuka, ukapanda tena.

"Nawashukuru waliofua vizibao vya timu," akasema. "Vilikuwa visafi." Akarudisha kipaza sauti, akaenda kukaa.

Nje, chini ya mabati ya kuegeshea baiskeli, mwandishi alimuuliza moja kwa moja: amepiga?

"Muulize yeye," akasema, macho mekundu.

Binti aliulizwa. "Hilo mnaweza kuliandika," akasema. "Nilipiga jana jioni, tukaongea hadi salio likaisha." Halafu naye akauliza, kama asiyejali sana, "Leo kanisani amesema nini?"

Akaambiwa kuhusu vizibao.

"Hicho tu?"

Hicho tu.

Binti akauliza likizo ya mama yake inaanza lini.

Inaanza mwezi ujao. Mama Pete hajakata tiketi bado, kwa kuwa hajaalikwa, na anasema safari hii hatajialika. Jioni bado anaosha sahani moja na redio inaongea peke yake. Lakini begi amelitoa juu ya kabati na kulipangusa.

"Akiniita nitakwenda," anasema. "Nitakaa atakaponiweka. Atakachoniambia nitakisikiliza mpaka mwisho, mdomo nimeufunga. Na nikirudi mkiniuliza, nitawaambia barabara ilikuwa nzuri."