Fangasi si za Miguu?

Daktari aliniziba jicho la kulia, lile lenye afya, kwa kiganja, akainua mkono mwingine. "Mama, hivi ni vidole vingapi?"

"Vidole gani?" nikamuuliza.

Nesi akacheka, akidhani natania. Daktari hakucheka. Alisogeza mkono mpaka karibu na pua yangu, na jicho la kushoto likaona weupe tu, kama mtu kanimwagia uji usoni.

Jicho hilo halikuharibika lenyewe. Liliharibiwa.

Ilianza kwenye umuganda, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tunapotoka wote kusafisha mtaa. Hapa kwetu Kagugu, Kigali, tulikuwa tunafyeka nyasi za kwenye mfereji. Jirani yangu, bwana anayepiga pasi suruali hata ya kufyekea, alikuwa anafyeka huku anaongea na simu. Jani likaruka, likanikwaruza jicho. "Pole, mama," akasema, akaendelea na simu yake. Huyo nimemsamehe nusu.

Ambaye sijamsamehe ni mwenye duka la dawa la pale kona. Koti jeupe, Kifaransa cha hapa na pale, msomi kabisa. Hakuuliza nilikuwa wapi wala kitu gani kilinigusa. Alinitazama akiwa ng'ambo ya kaunta. "Ni alerji, mama. Vumbi la Kigali." Mji unafagiliwa kila asubuhi, lakini vumbi. Akanipa kichupa. Na tusimnyime haki yake: wekundu ukaisha, maumivu yakatulia, nikamsifu mpaka kanisani. Yaliporudi makali zaidi, akanipa kichupa kile kile. "Ongeza matone."

Daktari alipokisoma kile kichupa, alikiweka mezani taratibu. Akanitia ganzi, akakwangua lile doa jeupe la kwenye kioo cha jicho kwa kisu kidogo, akaenda kulitazama kwenye darubini.

"Ni fangasi," akasema.

"Fangasi si za miguu?"

"Na za jicho zipo, mama. Zako zimeletwa na lile jani. Sasa hii dawa ina steroidi. Inaondoa wekundu, halafu inalaza kinga ya jicho. Fangasi zinakula bila kusumbuliwa."

Yaani nilikuwa nazilisha. Asubuhi na jioni, kwa mkono wangu, na shukrani juu.

Nikapewa matone mengine, meupe kama maziwa, ya kutikisa kwanza. Kila saa, hata usiku, binti yangu akiniamsha kama mtoto mchanga. Jicho halikutolewa, huo ndio ushindi wangu. Limebaki na kovu. Kwa jicho hilo namwona mtu kuwa ni mtu, ila sijui ni nani. Na majirani bado wanataka kujua fangasi zilipandaje kutoka miguuni.

Nilipoweza kutembea peke yangu, nikarudi dukani.

"Mama, si umepona?" akasema, akitabasamu. "Si unaniona?"

"Nakuona kwa lile ambalo hukulitibu."

Akamwita mteja aliyefuata.

Basi namuuliza hapa, na aliyempa ruhusa ya kuuza dawa asikilize, kwa sababu na yeye atajibu. Uliniuzia dawa ile bila karatasi ya daktari, mara mbili, kwa jicho ambalo hukulisogelea. Uliona nini?