Mlango wa Mama Glody

Mama Glody aliponiambia anataka kununua nyumba kijijini, nilimuuliza kijiji gani, maana kwa miaka ishirini na mbili tuliyoishi Tensta, mlango wake ukitazamana na wangu ghorofa ya tano, sikuwahi kumsikia akitaja kijiji chochote isipokuwa cha kwao, juu ya Uvira. Akanitajia Kvarnvreten. Nikamwambia hilo ni jina la dawa ya kikohozi.

Jina lake ni Orpha. Alifika nchi hii na mumewe Sébastien na mtoto mmoja mgongoni, akajifunza Kiswidi, akaingia kazi ya kutunza wazee, na mpaka leo anawaogesha, anawalisha na kuwageuza kitandani. Sébastien alikuwa na neno moja ambalo hakuchoka kulirudia: kabla ya kufa apate mlango unaofungukia udongo. Hakutaka ngazi wala lifti. Alifariki miaka mitatu iliyopita bila kuupata, na mkewe akalibeba lile neno kama wengine wanavyolibeba koti la marehemu.

Nilikwenda naye kuiona ile nyumba. Unapanda treni Spånga, kisha basi linalopita mara moja kwa saa, kisha unatembea. Kulikuwa na kanisa la mawe lenye miaka mia nane, jiwe kubwa lililochongwa maandishi na watu wa kale, na nyumba kumi na moja za mbao, zote nyekundu, kwa sababu kijiji chote kinahifadhiwa na huruhusiwi kubadilisha hata fremu ya dirisha. Dalali aliusifia ukimya wa pale kama anayeuza ng'ombe wa maziwa. Watu wawili waliokuwa wakishindana bei na Mama Glody walijitoa, nadhani kwa sababu dirisha la jikoni linatazama makaburi. Mama Glody hakujali. Alisema wafu hawajawahi kumnyima usingizi.

Glody, ambaye anaishi Farsta, upande wa pili wa jiji, alimjibu mama yake kwa Kiswidi kwamba ni mbali na kila kitu, basi. Mimi nilikasirika kuliko Glody. Mume sina, mwanangu Zaid amehama, na mtu pekee aliyekuwa akiingia kwangu bila kupiga simu alikuwa anaondoka. Sikumwambia hivyo. Nilimwambia atapata baridi yabisi.

Alihama Agosti. Nyumba yake ya Tensta wakaingia mume na mke vijana ambao sikujua hata wanatoka wapi. Tulimsaidia kubeba, tukala, tukaomba dua na sala, kila mtu kwa dini yake, tukarudi na basi la mwisho la jioni. Jumamosi iliyofuata alifanya kama ambavyo angefanya kwao mtu anapoingia nyumba mpya. Alifagia mbele, akakaanga mandazi, akachemsha chai ya tangawizi, akaufungua mlango mpaka mwisho ili majirani wajue mwenyeji yupo na waingie.

Ilipofika kama saa tano alisikia hatua kwenye kokoto. Akafuta mikono, akavua aproni, akatoka jikoni na vikombe viwili. Alipofika kwenye ukumbi mdogo aliona mkono mmoja tu, umeshika kitasa. Mkono ukauvuta mlango taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala, mpaka ukafungika. Kupitia dirishani akaona mgongo wa mzee mrefu mwenye kofia ya kijani akirudi nyumba ya pili.

Aliponisimulia kwenye simu nilicheka. Kisha nikasikia kwamba yeye hacheki.

Wiki iliyofuata akaufungua tena. Yule mzee akaja, akaufunga, akaenda. Ikawa desturi. Kila siku yake ya mapumziko Mama Glody alifungua saa nne, na kabla ya saa sita mzee alishafunga. Nje, wakikutana kwenye masanduku ya barua, mzee aliinamisha kichwa na kusema habari za asubuhi, na yeye akajibu, na hakuna aliyetaja mlango. Wengine walipita na mbwa wao wakitazama mbele. Oktoba ikaja, kisha Novemba, na rafiki yangu akawa anakaa jikoni amevaa koti, mlango wazi, mvua ikiingia mpaka kwenye zulia.

Nilimuuliza kwa nini asitoke tu amuulize yule mtu ana matatizo gani.

"Mutu anakufungia mulango yako mwenyewe, utamuambia nini?" akasema. "Alishasema yote. Anasema bakia ndani."

Nilimwambia basi hao ni watu wa namna gani, na kwamba huku Tensta hakuna mtu angemfanyia hivyo. Nililisema kila aliponipigia. Nilimwambia chumba cha Zaid ki wazi, nimekipaka rangi, nimenunua pazia, auze kile kibanda arudi kwa watu. Nilimshauri kwa upendo, na pia kwa ajili yangu, na nadhani alijua vyote viwili.

Krismasi Glody alikuja kwa saa tatu. Baada ya hapo Mama Glody aliacha kufungua mlango. Katikati ya Januari alinipigia asubuhi na kuniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba dalali anakuja Jumatano kupiga picha za nyumba, kwa hiyo nije Jumanne nimsaidie kupanga vitu. Nikamwambia amefanya vizuri. Nilipokata simu nilikwenda kukipiga pasi kitanda cha Zaid, yaani mashuka yake, kwa furaha ambayo haikunipa heshima.

Jumanne ilikuwa baridi ya kukata masikio. Tulifunga vyombo kwenye magazeti. Picha ya Sébastien alikuwa bado hajaitoa ukutani. Kila nilipoikaribia alinipa kazi nyingine. Tulipokuwa tunahangaika na sanduku la sufuria, mlango ukagongwa. Tukatazamana. Tangu ahamie pale hakuna jirani aliyewahi kuugonga.

Alikuwa yule mzee, kofia ya kijani mkononi na sanduku la vifaa vya ufundi kwa mkono mwingine. Akajitambulisha: Axel, wa nyumba ya pili. Alikuwa amenyoa vibaya, akajikata kidevuni. Alisema kwa Kiswidi cha polepole kwamba anaomba radhi kusumbua. Kwa wiki tatu mlango haujafunguka, akaogopa kwamba sasa umekwama kabisa, au kwamba mwenye nyumba anaumwa.

Mama Glody akamuuliza umekwama vipi.

Mzee akaeleza, masikio yamemwiva kwa aibu. Tangu Agosti alikuwa akiona kitasa hakishiki, upepo unaufungua mlango, na mama wa watu yumo ndani hajui, joto lote linatoka. Akawa anapita kuufunga. Alitaka kusema mapema kwamba anaweza kukitengeneza, aliwahi kuwa fundi seremala, lakini hakutaka kuingilia mambo ya mtu. Mkewe ndiye aliyekuwa anajua kuzungumza na watu, na mkewe yuko kule. Akaonyesha kwa kidevu upande wa makaburi ya kanisa.

Nilifungua kinywa nimweleze. Kitasa kilikuwa kizima kabisa. Mimi mwenyewe nilikifunga na kukifungua asubuhi ile. Mama Glody akanigeukia kwa jicho ambalo nalijua tangu watoto wetu wakiwa wadogo, na kinywa changu kikajifunga.

"Ndiyo," akamwambia mzee. "Kinanisumbua sana."

Axel akavua viatu. Soksi yake ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba. Akapiga goti, akatoa bisibisi, akakifungua kitasa kizima na kukitandaza juu ya gazeti lililokuwa la kufungia sahani, kila skrubu mahali pake. Upepo ukawa unapiga filimbi kwenye tundu la mlango na sisi watatu tukitetemeka. Mama Glody akafungua sanduku tulilokwisha kulibandika gundi, akatoa sufuria, akatoa tangawizi, akatoa vikombe viwili, akanikumbuka, akatoa cha tatu.

Mzee alikunywa chai kwa kuipuliza. Alikula mandazi manne ya jana. Hakuzungumza sana, aliuliza kama tangawizi hupandwa au huokotwa, na Mama Glody akamweleza shamba la mama yake kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumsikia akilieleza. Nilikaa juu ya sanduku. Hakuna aliyenisahau, lakini sikuhitajika, na niliumia.

Kisha Axel akakikagua kitasa. Akabonyeza springi, ikaruka vizuri. Akabonyeza tena. Alitazama masanduku yaliyopangwa kando ya ukuta, akatazama kile chuma mkononi, na nikaona wazi kwamba fundi yule ameshajua.

"Springi imechoka kidogo," akasema. "Labda ninayo nyingine bandani. Ningeweza kurudi kesho, kama haikusumbui."

"Njoo saa nne," akasema Mama Glody. "Mlango utakuwa wazi."

"Basi nisiufunge?"

"Usiufunge. Uingie."

Axel akaitikia kwa kichwa mara mbili, akakirudisha kitasa, akavaa viatu na kuondoka. Mama Glody alisimama akimtazama mpaka alipoingia kwake. Kisha akampigia dalali akamwambia asije. Alipomaliza alianza kulia, akanishika mkono.

"Munisamehe, Mama Zaid. Najua ulipaka rangi."

Nilimwambia rangi haiozi. Tulitoa sahani zote kwenye magazeti tukazirudisha kabatini, na nikawahi basi la saa tisa.

Tensta giza lilikuwa limeshaingia, maana Januari huku jua huzama alasiri. Kwenye lifti nilikuwa peke yangu. Ghorofa ya tano nikasimama mbele ya mlango uliokuwa wa Mama Glody. Pale palipokuwa na jina lake sasa palikuwa na jina jipya, na nikagundua kwamba miezi yote ile nilipokuwa nikiwasema watu wa Kvarnvreten, sikuwahi hata kulisoma. Sikuwahi kubeba sahani ya chochote kuwapelekea.

Nikaingia kwangu, nikaacha mlango wazi. Niliweka maji jikoni, nikakaa na koti langu. Nilikaa karibu nusu saa na maji yalichemka yakapoa. Lifti ikafika. Hatua zikaja, zikasita mbele ya mlango wangu, na nikasikia kitasa kikivutwa polepole, kwa adabu kabisa, mpaka mlango ukafungika.

Nikainuka mbio bila hata kujitanda, nikafungua, nikamwita kabla hajaufunga wa kwake.